Sweta la Mwanabaraka

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa Manzese, hatua chache tu kutoka barabara ya Morogoro. Ilikuwa na ukumbi mrefu, vyumba pande zote mbili, na ua mmoja wa watu wote. Anayeijua nyumba ya kupanga anaelewa maana yake: ukikaanga samaki wote wanajua, ukigombana na mumeo wote wanajua, na kesho yake wanakuja kukusaidia kugombana. Filomena alikaa chumba cha mbele na baba yake, Mzee Albano, mchonga vinyago. Mama yake alikuwa Newala akimuuguza bibi. Kila alasiri Filomena alitoka shule, akavua sare, akateka maji kisimani, kisha akaketi uani kuosha vyombo. Hapo uani ndipo alipoanza kuona mambo.

Kwanza aliona sweta. Mwanabaraka, binti wa Bi Somoe, alifanya kazi ofisi ya maji, na kila jioni akirudi alikaa kwenye mkeka akafuma. Angekuwa anafuma kitambaa cha meza, nani angejali? Lakini lilikuwa sweta la sufu nzito, la shingo ndefu, hapa Manzese, mwezi wa Januari, joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa! Filomena alimtazama huku akisugua sufuria ileile mara mbili. Nani atavaa kitu kama hicho Dar es Salaam?

Tena Mwanabaraka alikuwa akijisomea Kiingereza kwa sauti chumbani kwake. Filomena alipopita ukumbini alisikia maneno marefu marefu asiyoyajua, na mlango ulikuwa umerudishwa. Swali moja tu lingetosha: "Dada, sweta la nani hilo?" Lakini mtu akishaanza kushuku haulizi, hutazama tu. Na ukimtazama mtu kwa jicho la namna hiyo, hata akipiga chafya utaona ana lake jambo.

Miaka hiyo kijana aliyemaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alifanya kazi kwanza. Kisha wenzake wa kazini, na majirani zake wa nyumba kumi, walikaa wakasema ni mtu wa namna gani. Wakisema hafai, hakuna chuo. Wakisema anafaa, alisoma bila kutoa ada, akalala na kula huko huko. Zamu ya Mwanabaraka ilikuwa imefika, na balozi wa nyumba kumi, Mzee Fakihi, alikwisha kuita mkutano wa Jumapili.

"Baba, kweli chuo kikuu ni bure?" Filomena alimwuliza baba yake siku moja. Mzee Albano alikuwa kibarazani, amebana gogo la mpingo kati ya miguu yake, anachonga.

"Bure?" Mzee Albano aliweka tezo chini. "Hakuna cha bure, mwanangu. Babu yako akipeleka korosho kuuza, fedha zake zinakatwa kidogo. Hicho kidogo ndicho kitanda cha msomi, ndicho wali wake na maharage yake. Babu yako hajui hata chuo kiko upande gani, lakini ndiye anayelipa."

"Na yeye analipwa nini?"

"Hilo ndilo swali langu siku zote," alijibu Mzee Albano, akaokota tezo lake.

Maneno hayo yalimkaa Filomena moyoni. Alimkumbuka babu yake na ile kanzu yake moja ya kwendea kila mahali, akaona uchungu kabisa. Jioni hiyo alipomwona Mwanabaraka na sweta lake, hakumwamkia.

Siku ya Alhamisi aliingia Mzee Mihayo, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mtu wa Tabora. Aliingia uani bila kupiga hodi. Akafunua chungu cha Bi Somoe, akachukua kipande cha muhogo, akatia mdomoni. Filomena alishangaa. Mtu mzima, na mvi zake!

"Mwizi wewe! Toka nyumbani kwangu!" Bi Somoe alifoka.

"Mwizi yumo humu ndani, amekaa mkekani," alisema Mzee Mihayo, uso umemkauka, hana hata dalili ya kucheka. "Bi Somoe, usidhani hatujui. Huyu binti yako anakwenda kula tumbaku yetu ya Tabora huko chuoni, akishiba anatoroka zake Ulaya. Sweta analifuma la nini? Huko kuna baridi! Nyie Wazaramo ni watu wa kula na kukimbia. Jumapili nitasimama niseme yote."

Filomena alimgeukia Mwanabaraka haraka. Mwanabaraka hakuinua uso. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole, sindano zinakwenda, wala hakujibu hata neno. Ameumbuka, Filomena aliwaza. Bi Somoe akamrushia Mzee Mihayo kifuu cha nazi, mzee akakwepa, akatoka na muhogo wake.

Lakini kuna jambo Filomena hakulijua. Kwao Newala aliuona utani wa babu na wajukuu. Hakujua kwamba hapa mjini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kabila zima kwa kabila zima, na kwamba mtani ana ruhusa ya kufunua chungu chako, kukutukana mbele ya watu, hata kukuzulia kosa, nawe huruhusiwi kukasirika. Na mtani hodari hacheki.

Usiku Filomena alimweleza baba yake. Alianza vizuri: sweta, Kiingereza, mlango uliorudishwa. Mzee Albano alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Sweta si ushahidi. Nani amesema anatoroka?"

Hapo ndipo Filomena alipoteleza. Angesema "Mzee Mihayo," mambo yangeishia palepale. Lakini aliona baba yake hajaamini, na yeye alikuwa na hakika kabisa. Kwa nini asikubaliwe, na jambo ni la kweli?

"Kasema mwenyewe, baba. Mwanabaraka mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Kwa masikio yako?"

"Ndiyo, baba."

Mzee Albano akazima taa. Filomena alilala akijiambia kwamba uongo wake ni mdogo, tena ni wa kuwasaidia watu.

Jumapili baada ya alasiri majirani walijaa kwenye kibaraza cha Mzee Fakihi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, watoto wakasimama ukutani. Mwanabaraka alikaa mbele, amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri. Filomena alimwona akinyoosha pindo lake tena na tena, akajisemea, bila shaka anaogopa kujulikana.

"Ndugu zangu," alianza Mzee Fakihi, "mwenzetu anataka kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji. Kazini kwake wamemsifu. Sasa ni sisi. Mwenye neno aseme."

"Mie nina swali," alisema mama mmoja muuza vitumbua. "Akisoma, hilo ni deni au ni zawadi? Maana wanangu mie hawakufika hata darasa la nane, na kodi nalipa."

"Deni gani tena?" Bi Somoe alidakia. "Nchi ni mama. Mie nimemnyonyesha huyu, je, namdai maziwa?"

Watu wakacheka. Mzee Albano akasimama, naye hakucheka.

"Shikamoo, Balozi. Bi Somoe amesema kweli, mama hadai maziwa. Lakini akizeeka, hukaa mlangoni akamngoja mwanawe. Sasa mwana mwenyewe akitoroka, je? Ndugu zangu, naona vibaya kusema, kwa sababu Bi Somoe ni mwenye nyumba wangu na amenitendea mema. Lakini binti huyu ana nia ya kukimbilia Ulaya akishasomeshwa. Mwanangu amemsikia akisema kwa kinywa chake."

Mwanabaraka aligeuka akamtazama mama yake. Bi Somoe aliweka mkono kifuani.

"Albano! Mwanangu huyu? Aliyekuwa akimpa Filomena chai kila mama yake alipokuwa safarini?"

Mzee Fakihi alivua kofia, akaishika magotini. "Neno hili ni zito. Nikilifikisha kwenye tawi la chama, basi safari ya binti huyu imekwisha, wala hatapata nyingine. Mtoto yuko wapi?"

Filomena alisogea mbele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usiogope. Ulimsikia Mwanabaraka akisema atatoroka?"

Ni rahisi kusema uongo mbele ya mtu mmoja chumbani. Mbele ya mtaa mzima, yule unayemsingizia amekaa karibu nawe, ni kazi nyingine. Filomena alimtazama Mwanabaraka usoni. Machozi yalikuwa yakimlengalenga dada wa watu, lakini hakumkasirikia. Alikuwa akimtazama tu, kama anayemwuliza, nimekukosea nini? Filomena aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke. Tena alimwogopa baba yake, maana angemwaibisha mbele ya watu.

"Sikumsikia," alisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Sikumsikia yeye! Nilimdanganya baba. Aliyesema ni Mzee Mihayo. Alikuja uani, akala muhogo, akasema dada anakwenda Ulaya kwa sababu anafuma sweta."

Mtu mmoja akacheka, na wa pili, na mara kibaraza chote kikaangua kicheko. "Mtani! Kumbe ni mtani!" Muuza vitumbua alijifuta machozi kwa pembe ya khanga. Mzee Mihayo peke yake hakucheka. Alisimama, amekunja uso, na safari hii hakuwa akitania.

"Balozi, maneno hayo ni yangu. Mie ni mtani wao, na nimemtania huyu tangu anatambaa. Hakujibu kwa sababu alikuwa anahesabu mizunguko ya uzi wake, nami nilijua. Wallahi, sikujua kama kuna mgeni wa utani huu aliyekuwa akinisikiliza. Hilo sweta ni la mdogo wake, Kondo, aliyeko jeshini Mafinga, anakufa kwa baridi. Mie mwenyewe ndiye niliyenunua uzi!"

Watu wakazidi kucheka, lakini Mzee Fakihi alipiga fimbo yake sakafuni.

"Mnacheka? Na mtoto huyu angenyamaza, mngecheka? Binti wa watu angekosa chuo kwa mzaha wa uani. Utani una mipaka yake, na mpaka wake ni pale neno linapotolewa kwa watani likapelekwa kwa wasiojua. Mihayo, unadaiwa jogoo."

"Nimekubali, Balozi. Ingawa Wazaramo hawajui kupika kuku."

Mzee Albano alikuwa bado amesimama. Filomena hakuthubutu kumtazama. Alimsikia akimsogelea Bi Somoe, akasema kwa sauti ya chini, "Niwie radhi, Bi Somoe. Nawe Mwanabaraka, nisamehe. Nimesimama na neno ambalo sikulichunguza." Kisha akamgeukia Balozi. "Lakini swali langu liko palepale. Babu wa mtoto huyu analipa. Atapata nini?"

Wengine walinung'unika, wakaona anaendeleza ubishi. Mwanabaraka akasimama.

"Muacheni, ameuliza haki yake," alisema. "Mzee Albano, fedha za kumrudishia babu sina, na huenda nisiwe nazo maisha yangu yote. Huko Newala wanateka wapi maji?"

Mzee Albano alionyesha chini kwa mkono. "Bondeni. Mama yangu kila siku alishuka na mtungi alfajiri, akarudi jua limepanda. Utosi wake umeota sugu kwa ajili ya mtungi. Sasa hawezi kushuka tena, ndiyo maana mke wangu yuko huko."

"Ofisini tunajua. Wengi hawataki kupangiwa kusini, wanasema ni mbali. Mimi, nikimaliza, nikipangiwa Newala, nitakwenda. Nisipopangiwa, nitaomba. Na nikisahau, wewe si uko chumba cha mbele? Nikumbushe."

Mzee Albano alimtazama kitambo kirefu, kama alivyozoea kulitazama gogo kabla hajaligusa.

"Balozi," alisema hatimaye, "wengine hapa wanasema binti huyu asidaiwe. Mimi namdai. Deni hili silisamehi, na mama yangu halisamehi. Kwa hiyo aende. Asipokwenda, nitamdai nini?"

Kila mkono ulinyanyuka. Bi Somoe alilia waziwazi, na muuza vitumbua akapiga vigelegele.

Njiani kurudi, Filomena alitembea nyuma ya baba yake akingoja kuchapwa. Mzee Albano alisimama, akamngoja, akamshika bega.

"Umeniaibisha leo," alisema. "Kisha umeniokoa na aibu kubwa zaidi. Sikia, mwanangu. Kushuku si dhambi. Hata mimi nashuku, na mali ya umma lazima ilindwe kwa macho. Lakini uliloliona, sema umeliona. Ulilosikia, sema umelisikia, na umtaje aliyesema. Na unalodhani, nenda ukamwulize mwenyewe. Ukivichanganya hivyo, hata kweli yako haitakuwa na kazi."

Walipofika, Mwanabaraka alikuwa amekwisha kukaa mkekani na sindano zake. Filomena alisimama mbele yake.

"Shikamoo, dada. Nisamehe. Sweta la Kondo limebaki nini?"

"Mkono mmoja," alisema Mwanabaraka, akasogea kidogo mkekani. "Kaa hapa unishikie uzi."