Redio Ndani ya Jivu

Gogo lilikatika Sulemani akiwa katikati. Navalayo alikuwa amekwisha kuvuka. Alisikia mti ukipasuka nyuma yake, akageuka, na alichokiona ni kofia yake ya askari wa msitu ikienda na maji. Ilikuwa mwaka ule wa tisini na saba, mvua ya El Nino imeikalia Kakamega bila huruma, na mto Isiukhu uliokuwa ukivukwa na mbuzi sasa ulibeba miti pamoja na mizizi yake.

Alimkimbilia kandokando ya maji, akianguka na kuinuka, hadi kwenye kona alikokuwa amenasa katika mizizi. Alimvuta kwa kola ya koti mpaka mikono ikafa ganzi. Alipomfikisha ukingoni aliona mguu umevunjika chini ya goti, na tawi limelichana paja. Damu ilikuwa ikitoka kwa wingi. Navalayo alivua leso, akaikunja, akaikandamizia jerahani kwa uzito wake wote, kisha akaifunga kwa mkanda.

"Redio," alisema Sulemani.

Ilikuwa bado imening'inia kiunoni mwake: redio ya mkono ambayo askari huongea nayo na kituo. Tope lilikuwa likichuruzika kutoka kwenye spika. Navalayo, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu kima kwa ajili ya watafiti, hakuwahi kuishika, lakini alijua mahali pa kuwashia. Kidole gumba kilikuwa tayari kwenye kitufe.

"Usiwashe!" Sulemani alipaza sauti hadi akakohoa maji. "Maji peke yake haiui redio, dada. Kuiwasha ikiwa na maji ndiyo inaiunguzanga. Ndugu yangu Umar anatengenezanga redio pale Mumias, kila siku watu wanamletea zimekufa hivyo. Toa betri. Mara moja!"

Akaitoa. Akafungua skrubu kwa ncha ya kisu, akausuuza ule utumbo wa waya na vidude kwa maji safi ya mvua yaliyotuama kwenye jani pana, akaukung'uta, akaufuta kwa pindo la blauzi.

Mbele yao kulikuwa na mto. Nyuma yao kijito cha kurukwa tu siku za kawaida kilikuwa kimefura, hakivukiki tena. Hakuna mtu ambaye angewasikia wakipiga kelele. Navalayo alimburuta mgonjwa hadi kwenye kibanda cha magome walichokiacha wachoma makaa, watu ambao Sulemani alikuwa amewawinda msimu mzima bila kuwapata. Leo paa lao lilimfunika. Chini yake kulikuwa na rundo la jivu, kavu kabisa.

Jivu hilo lilimkumbusha Navalayo jiko la mama yake kule Lubao. Mama alikuwa akifukia mbegu za maharagwe katika jivu ndani ya chungu, na hata mvua inyeshe vipi, mbegu hazikushika ukungu. Jivu lilinyonya unyevu wote. Alirarua kitambaa chake cha kichwa, akavifungasha vipande vya redio na betri, kila kimoja peke yake, ili jivu lisiingie ndani, akavizika.

"Baba Aminah," akamwambia Sulemani, "nitaiacha hapa mpaka ikauke."

"Sikiza," alisema Sulemani. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. "Kiu na maumivu yakinishika, nitakuomba uiwashe. Usikubali. Hata nikilia, usikubali."

"Na ukifa?"

"Nikifa, itakutoa wewe."

Navalayo aliona uchungu kuahidi jambo kama hilo, lakini aliahidi.

Kulipokucha Sulemani alikuwa mtu mwingine. Mwili ulikuwa moto, macho hayatulii. Kila alipopewa maji ya mvua alitaka zaidi, na kila alipomaliza kunywa aliitaka redio.

"Iwashe, dada. Neno moja tu."

"Bado."

"Wee, hauna roho? Unataka Aminah awe yatima?"

Navalayo alimjua Aminah, binti mdogo wa Sulemani kule Matungu, aliyekuwa akimpokea kwa "salaam aleikum" ya sauti nyembamba kila alipofika kwao. Alimpa mgongo asimwone yule mwanamume akilia. Alifukua kifurushi, akakifungua. Ndani ya spika bado kulikuwa na umande. Moyo ulimwambia, iwashe, huenda ikakubali, huyu anakufa! Alikifunga tena kifurushi, akakirudisha katika jivu lingine lililokuwa kavu zaidi. Hakuwahi kujichukia namna hiyo.

Jua lilipopenya mawingu alivianika vipande juu ya jiwe, akavigeuza na kuvigeuza kama anayeanika vidagaa vya omena. Sulemani alikuwa ameacha kuomba. Kimya hicho kilimtisha Navalayo kuliko vilio. Alisugua ncha za betri, akaangalia spika: kavu. Akaunganisha, akashika kitufe, akafumba macho.

Taa nyekundu iliwaka.

"Kituo, kituo! Ni Navalayo! Sulemani ameumia!"

Mkwaruzo tu. Akarudia. Kisha sauti ya Wangila, askari wa zamu, ikaja kutoka mbali: "Navalayo? Tumewatafuta sana! Muko wapi?"

"Chini ya gogo la kuvukia, ng'ambo, kibanda cha makaa. Kujeni na kamba na machela. Haraka!"

"Tunakuja. Mukae hapo hapo."

Taa ikafifia, ikazimika, isiwake tena. Lakini jioni haijaingia wanaume walivuka kwa kamba, wakambeba Sulemani mabegani.

Mguu ulikuja kupona baadaye, ukiwa umepinda. Navalayo alipokwenda kumwona wodini, mkewe Zuena alikuwa ametoka kuteka maji, na Aminah alikuwa amelala miguuni pa baba yake. Sulemani alichezea ncha ya shuka.

"Kule msituni," alisema, "nilikuomba uiwashe?"

"Wapi! Ulikuwa umelala tu, Baba Aminah."

Sulemani alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye.

"Basi asante kwa kunikatalia."

Navalayo akainamisha kichwa, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ile mtoni.