Upande wa Pili wa Santuri

Haya yalimpata rafiki yangu Harun, fundi wa redio pale Majengo, na tangu siku hiyo hataki kusikia nyimbo za mapenzi.

Alikuwa ameenda Mukurweini kuchukua gramafoni mbovu ya mjane mmoja aitwaye Tabby. Ilikuja na santuri ya Wamarekani watano wa miaka ya sabini, wenye sauti za kubembeleza.

Jirani aliyemsaidia kubeba alicheka. "Marehemu alipenda bibi yake, ati! Kila Jumamosi mchana tulisikia hizo nyimbo mpaka ng'ambo ya mto. Hata siku alianguka stoo akakufa, zilikuwa zinaimba."

Tabby hakucheka. Aligusa kovu lake refu, kutoka sikioni hadi kidevuni. "Hakuacha mpaka wimbo wa mwisho uishe."

"Ukijaribu, cheza upande wa kwanza tu," alisema.

Lakini fundi hujaribu pande zote mbili. Alipomaliza kuitengeneza, mvua ya alasiri ikipiga mabati, Harun alifunga mlango wa duka akageuza santuri.

Hakuna aliyeimba. Kilisikika kishindo, kama mtu anatwanga kitu kilicholowa. Kikaja kingine. Mwanamume akapiga mayowe: "Tabby, inatosha! Nimekoma!" Kisha mfupa ukavunjika.

Stima ikapotea, duka likawa giza. Harun alipapasa santuri kwa kidole. Ilikuwa imesimama.

Mayowe yakakatika. Vishindo havikukatika.

Halafu, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akasema kwa upole, kama anayebembeleza mtoto:

"Bado wimbo mmoja."