Dobi Alivyosoma Shati

Dobi alikuwa akisugua kola, lakini akili yake ilikuwa kwenye karatasi ya mazoezi iliyokaa kando ya beseni. Mara mbili alikuwa ameshindwa mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo cha uuguzi. Nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho.

Wifi yake, mwalimu wa Kiingereza, aliiokota ile karatasi. "Maneno yote haya unayajua. Unakwama wapi, wifi yangu?"

"Kwenye maswali ya 'kwa nini'. Natafuta jibu mstari kwa mstari, silioni. Wamelificha, wachoyo wakubwa!"

Wifi akacheka. Akachomoa shati jeupe kwenye rundo la nguo chafu. "Hili la nani?"

"Simjui, ila ni mwalimu kama wewe. Mkono una vumbi la chaki, mfuko una wino mwekundu."

"Limeandikwa hivyo?"

"Shati huandikwa? Naziona dalili, na kazi za watu nazijua."

"Haya, na mkewe je?"

"Kamnunia! Si unaona kifungo chenyewe kimeshonwa kwa uzi mweusi?"

"Hapo umebuni, mbea wewe! Nani kakwambia ana mke?"

Walicheka mpaka povu likawarukia. Kisha wifi akamrudishia karatasi. "Sasa soma hiki kifungu kama ulivyolisoma shati."

Kifungu kilieleza hivi: mama aliingia akinyata, akazima redio, akafunga mlango wa chumba polepole. Swali: kwa nini alizima redio?

Dobi alipitisha kidole kwenye majibu ya kuchagua. "Redio mbovu? Hakuna dalili. Mtoto mgonjwa? Mmh..." Akarudi kwenye kifungu. "Kuna mtu amelala! Kunyata, kuzima, kufunga polepole, vyote vinaelekea huko."

"Na mtoto mgonjwa?"

"Huyo ni yule mke aliyenuna. Sijamwona popote."

Tangu hapo, kila akimaliza kufua, dobi alifanya zoezi moja. Alipigia mstari dalili, akajiuliza zinaelekea wapi, kisha akakata kila jibu lililozidi dalili.

Miezi mitatu baadaye, wifi alipita uani. Kwenye kamba zilining'inia sare mbili nyeupe, mpya kabisa, za kimo cha dobi. Alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Umefaulu, wifi!"

Dobi alitoa vibanio mdomoni. "Nani kakwambia?"

"Kamba yako!"