Aliyebaki Kibuta

Kadi ya Shamsia ilikataa mara tatu pale mlangoni mwa meli. Wenzake waliweka zao kwenye mashine, ikalia ting, wakaingia na mabegi yao. Yeye alipoweka yake, kioo kilionyesha picha yake, jina lake, na chini yake maandishi kwamba ameshashuka. Mlinzi akatazama kioo, akamtazama na yeye, akacheka.

"Hapa inasema umerudi nyumbani, dada," alimwambia kwa Kiingereza, akaandika jina lake kwa kalamu na kumpitisha.

Mwingine angecheka naye. Shamsia aliinamisha uso akapita haraka, maana alikuwa anapanda meli ile na jambo moyoni.

Ilikuwa meli ya watalii wanaozunguka dunia, ghorofa kumi na mbili, na safari ni miezi tisa. Usidhani Shamsia alipewa chumba cha kutazamia bahari. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hao watalii, na chumba chake kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, vitanda viwili kimoja juu ya kingine. Mwenzake alikuwa Vailet, msichana wa Maili Moja, Kibaha. Mpaka meli inaondoka bandarini Dar, Vailet alishabandika picha ya kwaya ya usharika wake ukutani, ameshapanga mafuta yake yote, na ameshajichukulia kitanda cha chini bila kuuliza mtu. Shamsia alipanda juu, akalala chali, na mawazo yakamrudisha Kibuta.

Kule Kibuta, Kisarawe, alimwacha shangazi yake Swaumu, aliyemlea tangu ananyonya, na ambaye sasa macho yake yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Mwanawe wa kumzaa, Seif, anaishi Sofu, Kibaha, na aliahidi kwenda kumwona kila Ijumaa. Siku sita zilizobaki shangazi angekaa na nani, Seif hakusema, na Shamsia hakuuliza. Aliogopa jibu lisije likamzuia.

Katika ukoo wao hakuna anayekwenda mbali bila kuaga. Jioni unga wa mtama humiminwa juu ya kaburi la bibi mpaka usimame wima, kisha hufunikwa kwa chungu. Asubuhi chungu hufunuliwa. Unga ukiwa umesimama, ruksa. Ukiwa umebomoka, hakuna safari, hata kama tiketi iko mkononi.

Asubuhi ile Shamsia alifunua chungu akakuta unga umetawanywa wote, hakuna hata punje iliyopanda juu ya mwenzake. Si upepo, si kuku. Chungu kilikuwa kimekaa vilevile walivyokiacha.

"Umesimama?" shangazi aliuliza nyuma yake, ameegemea fimbo.

Aliukusanya haraka kwa viganja, akaukandamiza ukasimama, akakishika kidole cha shangazi na kukigusisha kileleni.

"Umesimama, shangazi."

"Alhamdulillahi. Basi nenda, mwanangu." Na yule mama akalia kwa furaha, machozi yakimtoka kwenye macho yasiyoona. Shamsia alijichukia pale pale, lakini begi lilikuwa tayari.

Siku ya pili baharini Vailet aliamka akinusa. "We, husikii moshi?"

Moto melini si mchezo. Walinusa chini ya kitanda, kabatini, mlangoni, mpaka Vailet akafika kwenye nywele za Shamsia na kurudi nyuma. Ulikuwa moshi wa kuni. Shamsia alioga mara mbili kwa sabuni ya watalii, na harufu haikutoka.

Siku ya nne lilikuja zoezi la kujiokoa. Waliitwa mmoja mmoja kwa majina, wamevaa majaketi ya kuokolea, lakini jina la Shamsia halikuitwa. Msimamizi alipekua orodha, akasema kwa mujibu wa mitambo yeye hayumo melini.

Mchana wa siku ya saba, wakiwa mapumzikoni, Vailet alimtikisa akamwamsha, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Ulikuwa unaongea," alinong'ona.

"Nasema nini?"

"Unaitika. 'Abee shangazi. Nakuja shangazi.' Halafu unacheka, Shamsia. Na macho yako yako wazi."

Shamsia alitaka kusema ni uchovu, lakini alipoinua mikono kujifuta jasho aliona viganja vyake vya kijani, rangi ya mtu aliyetwanga kisamvu asubuhi nzima, na harufu mbichi ya majani ikajaa chumba kile cha chuma, na hapo ndipo yote yalipomtoka, kaburi, chungu, unga, kidole cha shangazi, akaeleza huku akilia na kamasi zikimchuruzika, na Vailet akisikiliza ameshika msalaba wake, na nje ya mlango mtu akapita taratibu akiburuza kandambili, akasimama kidogo, akaendelea.

"Leo Ijumaa," Vailet alisema kwa sauti ndogo. "Huyo Seif si atakuwa huko? Piga. Mwambie mama wa watu ukweli."

Shamsia alipiga kwa intaneti ya meli, na simu ya Seif iliita mara moja tu.

"Sista, utani gani huu? Uko hapo jikoni unanipigia ili iweje?"

"Seif, mimi niko baharini."

Akacheka. "Si umerudi mwenyewe Jumamosi, ukasema meli imekukataa? Mama mwenyewe amenenepa tangu urudi. Haya, ongea naye."

"Nani?" Sauti ya shangazi ilikuwa na raha ambayo Shamsia hakuwa ameisikia miaka mingi.

"Shikamoo shangazi. Ni mimi, Shamsia. Nisikilize. Ule unga haukusimama. Niliusimamisha kwa mkono wangu, nikakudanganya. Huyo uliye naye si mimi. Mwambie Seif akutoe humo ndani sasa hivi. Nisamehe, shangazi yangu, nisamehe."

Kwenye simu, mchi uliokuwa ukisikika kwa mbali ukaacha kutwanga.

"Nilikuwa nakungoja," shangazi alisema, na hakusema tena kama mtu anayeongea na binti aliyemlea. "Nilijua utakuja, kwa sauti ya mwanangu. Shamsia wangu hanidanganyi, we shetani. Shamsia! Njoo, mama."

"Abee shangazi," ilijibu sauti, karibu kabisa na simu. Vailet aliisikia, akaziba mdomo.

"Kuna jini limepiga simu," shangazi akaiambia sauti ile. "Soma nami."

Shangazi akaanza Ayatul Kursiy, aya ya kumfukuza shetani, polepole, kama alivyomfundisha Shamsia alipokuwa wa miaka mitano. Shamsia alifungua mdomo aisome pamoja naye, ili ajulikane kuwa ndiye. Ulimi ulikuwa mzito. Alitafuta neno la pili, akatafuta hata lile la kwanza, hakuliona popote kichwani mwake. Kule Kibuta, sauti yake mwenyewe iliendelea kusoma na shangazi mpaka mwisho, bila kukosea hata herufi moja.