Mashine Iliyomngoja Manassé

Wa kwanza kuisimulia habari hii ni Dorothée, mjane wa Manassé. Aliisimulia mwaka 2023, mchana kweupe, kwenye kikao cha familia hapa Kamina, mbele ya mchungaji. Tangu siku ile hajabadilisha neno, nasi tunaiandika kama alivyoisema.

Manassé alipokufa aliacha nyumba karibu na Base, kambi ya jeshi, mama yake mzee, watoto, na mashine. Mashine aliiunda mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizotupwa: sanduku lisilo na kifuniko, feni iliyofungwa kwa waya. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Intaneti yote ya nyumba ile ilipita kwake kwanza, na uchafu ukabaki nje. Jioni umeme uliporudi, wake wa askari walikuja na simu zao, wakalipa kidogo, wakazungumza na waume zao walio mbali. Sufuria ya Dorothée haikuwa na chanzo kingine.

Lakini tangu mazishi, mashine ikawa nzito kuamka. Kila ilipowashwa ilisimama kwenye mstari mmoja, maneno ambayo Manassé aliyaweka mwenyewe:

NANGOJA MANASSÉ

Kisha kimya. Mtu aliweza kusonga bukari, ugali wetu, kuila na kuosha sufuria kabla mashine haijakata tamaa na kuendelea. Wake wa askari hawakuwa na subira hiyo. Wakaanza kwenda kwa jirani, mmoja mmoja, na watoto wakaanza kulala mapema ili wasiulize chakula.

Dorothée akameza fahari yake, akamwita Seth.

Seth, mdogo wake Manassé, alikuwa karani mjini, mtu wa vidole kumi. Aliandika bila kutazama, na alitaka kila mtu alijue hilo. Manassé aliandika kwa vidole viwili, na Seth alimcheka maisha yake yote: kuku anadonoa mahindi. Seth alifika jua likizama. Akafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Hatumsingizii, ndivyo alivyofanya.

"Njo hii?" akasema. "Shemeji, miye nilizani iko mashine. Kumbe iko takataka yenye kupumua."

"Iko takataka yenye kulisha batoto ba yaya yako Manassé."

Seth akausoma ule mstari, akacheka kwa pua. "Inatafuta ordinateur ya Manassé, ipeleke kule habari yote. Iko wapi?"

Dorothée akatazama sakafu. Siku ya mazishi, Mama Umba, mama yao Manassé na Seth, aliiweka kompyuta ya mwanawe kifuani pa marehemu, ndani ya jeneza. Fundi haendi mikono mitupu.

"Mulizika ordinateur?" Seth akajipiga paja. "Bantu ba pori! Kila mangaribi hii kintu inaita kaburi, na munashangala inakawia!"

Kuufuta mstari ule kulihitaji neno la siri, na neno hilo Manassé hakumwachia mtu. Basi Seth akatoa kompyuta yake mkobani, akaipa jina lile lile la kompyuta ya marehemu: Manassé.

"Inaita Manassé? Tutaitika."

Nyuma ya pazia, Mama Umba, ambaye macho yake hayaoni tena, akajigeuza kitandani.

"Seth, mwana wangu. Nilibafundisha nini? Ukiitwa mangaribi, usiitike mbele ya kuona mwenye kuita. Na jina ya mwingine... usiitikie hata kidogo."

"Mama, hizi mambo uachage kule kwenu Kabondo-Dianda."

Dorothée angeweza kumshika mkono amzuie. Alisema hivyo mwenyewe kikaoni. Lakini alifikiria sufuria, akashika tochi, akammulikia nyuma ya mashine.

Seth akachomeka waya. Akaiwasha mashine upya.

NANGOJA MANASSÉ...

Feni ikanyamaza.

Haikusimama. Dorothée aliiona bado inazunguka. Ila sauti yake ilikuwa imeondoka... Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi. Udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi.

MANASSÉ AMEFIKA

Taa ndogo palipochomekwa waya ikaanza kupepesa, haraka, haraka zaidi. Habari zote ambazo mashine ilizilimbikiza tangu mazishi, ilikuwa ikizimimina sasa ndani ya kompyuta ya Seth, kama mtu aliyekaa siku nyingi bila wa kuongea naye.

"Umeona?" Seth akasema. "Mbio kabisa. Na beye banalia, banaroga, bajinga ba..."

Hakumaliza.

Akavuta kibodi ya mashine karibu, taratibu. Dorothée akaiona mikono yake.

Vidole viwili.

Donoa... donoa... donoa...

Aliandika neno la siri. Mashine ikalikubali.

"Manassé?" Mama Umba akaita kwa sauti ndogo.

"Ee, Mama. Niko."

Tochi ikaanguka.

Asubuhi Ève, mke wa Seth, alikuja kwa pikipiki kumtafuta mumewe. Akamkuta mlangoni. Mwanamume yule alisimama, akampangusia kigoda kwa kiganja, akainamisha macho kama mtu anavyofanya mbele ya mke wa mdogo wake.

"Karibu, shemeji. Seth hayafika bado."

Ève alicheka kwanza. Halafu akapiga kelele.

Mchungaji alisema ni huzuni. Muuguzi alisema malaria imepanda kichwani. Kaka zake Ève walisema shemeji yao anatafuta mjane na nyumba kwa njia rahisi, na waliyasema hayo wakitema mate. Lakini yeye analala kwenye mkeka chumbani kwa mama yake, hajaugusa mlango wa Dorothée. Na neno la siri alilitoa wapi?

Mashine ni nzito tena. Jioni ya pili ilisimama kwenye mstari ambao hakuna aliyekiri kuuandika:

NANGOJA SETH

Siku nyingine Ève anakuja, anasimama mbele ya skrini, anafungua mdomo aitike. Mama Umba anampapasa gizani mpaka aupate mkono wake, anaubana asiitike.

Mama Umba yuko hai. Dorothée yuko hai, na watoto wote. Ève yuko hai. Kati ya ndugu wale wawili, mmoja yuko hai. Familia bado haijakubaliana aandikwe kwa jina lipi.