Kisandukuni Tu

Ofisi ya vifurushi pale kituo cha mabasi ilikuwa imejaa hadi mlangoni, watu wanasukumana huku wamenyanyua risiti zao juu. Mbele kabisa, mwanamke aliyevaa gauni la kijani, mkono wa kulia umejaa vumbi la chaki, alikuwa akimfokea karani.

"Hiki kisanduku mwambieni aliyekituma aje akichukue!"

"Aliyekituma ni mimi," sauti ikajibu nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, waya umemning'inia shingoni kama daktari aliyekosea vifaa. Alikuwa fundi wa shirika lililokuwa likipakua masomo kutoka mtandaoni na kuyatia kwenye visanduku vyenye ukubwa wa mkate, kwa ajili ya shule ambazo mtandao haushiki. Mwalimu anakiwasha darasani, wanafunzi wanasoma kwenye vishkwambi vyao, bila bando wala mnara.

"Kina kasoro gani, mwalimu?"

"Huyo anayefundisha hesabu humo anakimbia kama amefukuzwa na nyuki. Wanafunzi wangu wanaishia kumtazama nywele."

Fundi akacheka. "Basi rekodi wewe."

Alitarajia tusi. Mwalimu akatazama mlango, akatazama dirisha, kisha akashusha sauti. "Nitarekodi. Lakini mikono yangu na ubao tu. Sura hapana, jina hapana. Na masomo yakae kisandukuni tu. Mtandaoni kamwe."

"Unaogopa kuwa maarufu?"

Mwalimu hakucheka. Fundi akaahidi.

Wakawa wanarekodi kila Jumamosi katika maktaba ya shule. Kufikia wiki ya sita, simu zilikuwa zinapigwa hata siku zisizo na kazi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Sauti yako ina njaa."

"Fundi Waya, siku hizi unapima sauti za watu?"

"Yako tu, mpenzi."

Lakini popote walipokaa, mwalimu alichagua kiti kinachotazama mlango. Alibadilisha namba ya simu mara mbili. Siku moja kitabu kilianguka rafuni, akajikuta amejibanza ukutani, jasho linamtoka. Fundi alipouliza, akasema, "Nilikuwa na mume. Sitaki kumzungumzia." Fundi hakumsukuma. Alidhani mapenzi yake yatatosha.

Mtihani wa taifa ukakaribia. Walimu wa shule za mbali wakasikia habari za masomo yale, wakayaomba, na kuyatuma kwa basi kulichukua wiki nzima. Fundi akajiambia: sura haipo, jina halipo, ubaya uko wapi? Jumatatu akayapakia mtandaoni ili kila shule ijipakulie yenyewe. Kufikia Alhamisi shule thelathini na moja zilikuwa nayo.

Alhamisi hiyohiyo asubuhi simu ya ofisi ya shirika, ambayo namba yake iliandikwa chini ya masomo, ikalia. Mwanamume mpole, mwenye adabu, alikuwa akimuulizia mwalimu wa hesabu. Alisema ni kaka yake, familia ilimpoteza miaka minne iliyopita, na mama yao anaumwa. Fundi akamwelekeza shule ilipo. Kisha, moyo umemjaa furaha, akampigia mwalimu.

"Mpenzi, nina habari njema. Masomo yako yako mtandaoni, na kaka yako ameisikia sauti yako! Yuko njiani."

Upande wa pili komeo la mlango likasikika likifungwa.

"Mpenzi?"

"Mimi sina kaka," mwalimu akasema. "Mama alinizaa peke yangu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Fundi alifika shuleni kwa pikipiki. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, akamvutia ofisini na kumnong'oneza kwamba mwalimu katoka kwa mlango wa nyuma, na polisi wameshaitwa. Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mfuko wa zawadi magotini. Simu yake ilikuwa ikicheza: *Sasa tazameni, namba ikivuka upande wa pili inabadilisha alama...*

Alikuwa akiisikiliza huku amefumba macho.

Wakimwacha yule mtu aondoke, atamkuta mwalimu njiani. Fundi akatoka, akaketi kando yake.

"Yuko kikaoni, kaka. Tumsubiri."

"Miaka minne," yule mtu akasema taratibu. "Sauti hii ningeitambua hata usingizini."

Fundi akaongea. Mpira, barabara mbovu, betri za visanduku, chochote kilichomjia kinywani. Baada ya nusu saa yule mtu akamwekea mkono begani.

"Mbona unatetemeka?"

"Malaria," Fundi akasema.

Polisi walipofika hatimaye, walikuwa na amri ya zamani ya mahakama iliyomkataza mtu huyo kumkaribia mkewe wa zamani. Ndani ya mfuko wa zawadi walikuta gauni la kike na kisu.

Jioni ile mwalimu alipiga mara moja tu. "Nilikuomba kitu kimoja," akasema, akakata. Akahamishwa, na aliyejua wapi ni mwalimu mkuu peke yake.

Fundi aliyaondoa masomo mtandaoni, akapigia simu shule moja baada ya nyingine, akiziomba ziyafute. Miezi mitano ikapita. Yule mtu akahukumiwa, akafungwa. Ndipo siku moja mchana namba ngeni ikaita.

"Fundi. Mwalimu mkuu ameniambia ulizipigia shule zote."

Fundi akaketi sakafuni, katikati ya nyaya. "Thelathini zimefuta. Mwalimu mmoja alikataa. Alisema wanafunzi wake wana mtihani, nisimsumbue."

Upande wa pili ukapasuka kicheko, kisha kilio. "Mwache. Huyo namwelewa."

"Nisamehe."

"Najua amefungwa, Fundi, lakini mwili wangu haujapata habari. Pikipiki ikisimama nje, naacha kupumua."

"Basi usiniambie uliko. Nipigie tu."

Akapiga kila Jumapili. Fundi hakuuliza hata mara moja, si mji, si mtaa. Jumapili ya nane mwalimu akavitaja vyote mwenyewe, mpaka rangi ya mlango.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo tu, mnyororo bado umeshika. Mama mtu mzima akachungulia, na nyuma ya bega lake Fundi akaliona gauni la njano, na uso aliokuwa ameukosa.

"Ndiye huyu aliyemwambia yule mtu ulipo?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

Fundi hakujitetea. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia. Akamgeukia bintiye. "Na ndiye huyu unayemtaka?"

"Ndiye."

Mama akamtazama Fundi kwa muda mrefu, toka kichwani hadi viatuni. Kisha mnyororo ukalia.

"Marahaba," akasema. "Ingia upesi, ufunge mlango."