Mikwaruzo Chini ya Dirisha

"Dada! We dada wa mahindi! Ondoka kwenye gari hilo!"

Msata siku hiyo ilifurika watu. Basi la Tanga lilikuwa linashusha, malori yanapiga honi, wauza mahindi wanagombania madirisha. Sufiani alitoka msalani mbio, mikono bado ina maji, kwa sababu mwanamke mwenye abaya ya zambarau alikuwa ameegemea boneti ya gari jeusi la mteja, anatafuna hindi la kuchoma kwa raha zake. Gari lenyewe alilipaka kinga, dawa ya kulinda rangi, jana yake, na alikuwa analipeleka Lugoba kwa mwenyewe.

"Kwani gari lako la biskuti?" aliuliza yule mwanamke bila kubanduka.

"Lina kinga mbichi. Na wewe una bangili. Una pini. Una..." Sufiani alimtazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akasahau alichokuwa anasema.

"Malizia. Nina nini tena?"

"Una macho," alisema Sufiani, akajishangaa mwenyewe.

Alicheka huyo mwanamke mpaka punje za hindi zikamtoka! Kisha akamtazama kiunoni. "Na wewe mtu mzima unavaa suruali ya kamba?"

Ikabidi ajieleze. Mkanda una chuma, na chuma kinakwaruza rangi. Kibandani kwake Bagamoyo mkanda, saa na pete vinabaki mlangoni, na mteja akitaka kulishika gari lake lazima avue kwanza.

"Hata bi harusi?"

"Hata bi harusi avue pete."

"Basi utakufa kapera, Bwana Kamba."

Aliitwa Hajra, mwalimu wa usindikaji wa samaki, anakaa Mbegani na mama yake. Kabla basi lake halijaondoka, namba yake ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya Sufiani.

Tangu hapo Sufiani hakutulia tena. Akishika sponji anaangalia simu, akishika simu anasahau sponji.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Wewe umekula, au umepiga polishi ukashiba?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe! Endelea kudanganya."

Katika simu hizo ndipo Hajra alipomsimulia baba yake, Mzee Shamsudin, aliyefariki mwaka uliopita. Enzi za shule, mzee alikuwa anakaa kwenye Korola yake ya bluu, anatoa mkono dirishani na kugonga mlango kwa pete yake ya akiki, ko, ko, ko. "Twende, mama, tunachelewa!" Hajra anatoka ndani mbio, viatu mkononi, anaitika, "Nakuja, baba!"

"Mpaka leo nikisikia kitu kinagonga hivyo, nataka kuinuka," alisema.

Sufiani alicheka kwa mapenzi. "Basi lete hiyo Korola niipake kinga kabla chumvi ya Mbegani haijaila. Zawadi yangu kwako."

Gari likaletwa. Sasa kazi ile ina utaratibu wake. Kinga ikishakauka inafunga kila kilicho chini yake, kwa hiyo fundi anaanza kwa kupiga polishi mpaka rangi isiwe na doa. Chini ya dirisha la dereva Sufiani alikuta mikwaruzo midogo midogo imejazana, upana wa kiganja. Akaiona aibu, gari la mpenzi wake kuwa na kidonda kama kile. Alikihangaikia kuliko boneti nzima, jasho linamtiririka, anaimba. Kikaisha kabisa. Akapaka kinga, akafuta kwa taulo laini, akaziacha rimu mpaka kesho yake.

Hajra aliingia akitabasamu, bangili kazivua mwenyewe bila kuambiwa. Akalizunguka gari huku anapiga vigelegele vya chini kwa chini. Alipofika mlango wa dereva akapeleka vidole chini ya dirisha, na tabasamu likakatika.

"Ziko wapi?"

"Nini, kipenzi?"

"Alama za baba."

"Hajra, mimi nilidhani ni mikwaruzo tu."

"Nilikusimulia habari ya ile pete, ukacheka."

"Hukuniambia kama iliacha alama."

"Pete inagonga chuma miaka yote ile, Sufiani! Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

Akachukua ufunguo. Sufiani, kwa kuchanganyikiwa, akatoa maneno ya kijinga kuliko yote aliyowahi kuyasema. "Rimu bado. Na lisiloane kwa siku hizi mbili tatu."

"Rimu!" alisema Hajra, na gari likaondoka.

Haya, nani mwenye kosa? Mimi nasema wote wawili, maana Hajra alipaswa kusema. Lakini la Sufiani ni kubwa zaidi, kwa sababu aliambiwa hadithi nzima na kazi yake ni kuangalia rangi za magari.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika "nisamehe", ujumbe ukasomwa, jibu hakuna. Kesho yake alishika kazi akaiacha, akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Mara ya mwisho alipotoka aliona wingu zito limekaa upande wa Mbegani. Kinga ile ikinyeshewa kabla ya kukauka inabaki na madoa. Akakunja turubai begani, akapanda bodaboda.

Alifika kwa kina Hajra pamoja na matone ya kwanza. Turubai lile gumu hakuthubutu kulilaza juu ya rangi. Kona tatu alizifunga kwenye misumari ya ukuta na mti wa mlimau, ya nne akaishika kwa mikono, akalining'iniza juu ya gari. Mvua ikamwagika, na mfukoni simu yake ikaanza kuita. Ulikuwa mlio wa Hajra. Tangu jana anaisubiri simu ile, na sasa mikono haipo!

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanabaraka, mama yake Hajra, alisimama kizingitini.

"Shikamoo, mama," alisema Sufiani, maji yanamwingia mdomoni.

"Marahaba. Mwanangu, unakinga chuma, mwili unauloanisha?"

Hajra alitoka na mwavuli, macho yamevimba. "Mbona hupokei simu?"

"Nikiachia kona hii maji yanaingia."

"Yaache yaingie!"

"Siachii. Nimeshakuharibia kimoja, sikuharibii cha pili. Siwezi kuzirudisha, Hajra. Nimezifuta mimi, zimekwisha. Nakupenda, na sina dawa ya hili."

"Kila asubuhi nilikuwa naweka kidole pale," alisema Hajra, akaanza kulia waziwazi. Lakini mwavuli aliusogeza juu ya kichwa cha Sufiani.

Mvua ilipokatika, Bi Mwanabaraka alifungua pindo la kanga, akatoa pete ya fedha yenye jiwe jekundu, ile akiki ya marehemu mumewe, akampa bintiye. "Fanyeni mnavyotaka," alisema.

Hajra akaiweka kiganjani mwa Sufiani. "Vaa. Kaa kwenye gari, toa mkono, ugonge."

Sufiani aliutazama ule mlango wa bluu. Kazi nzuri kama ile hajawahi kuifanya. "Itakwaruza."

"Najua."

"Hajra, mimi kwangu hata saa..."

"Gonga, Sufiani," alisema, akaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Alikaa kwenye kiti cha dereva. Akatoa mkono, akaurudisha, akautoa tena. Kisha akafumba macho, akagonga. Ko, ko, ko.

"Nakuja, baba!"

Sauti ya Hajra ilitoka ndani kabla mwenyewe hajafikiri. Bi Mwanabaraka aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa kanga. Sufiani hakujua ashuke au abaki. Hatimaye mlango ukafunguliwa, Hajra akatoka peku, viatu mkononi, analia na kucheka kwa pamoja. Akazunguka, akaketi kiti cha pembeni.

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Kesho mjomba wangu Abdulswamad analeta posa. Usiniambie utafikiria."

"Na rimu zangu?"

"Rimu na posa, vyote kesho."

"Ewaa. Washa gari, twende."

"Wapi?"

"Popote, mradi nisikae hapa!"

Sufiani aliwasha. Chini ya dirisha palikuwa na mikwaruzo mitatu, mipya, midogo kama kucha ya mtoto. Kwa mazoea kidole gumba kilianza kwenda kuifuta. Akakirudisha ndani, akakanyaga mafuta.